Simba wa Shilingi Kumi

Haya wapwa wangu, sogeeni. Umetumwa chumvi dukani hapa Githongo, ukarudishiwa shilingi kumi mpya. Kabla hujaitia mfukoni, isikilize. Sarafu husema.

"Nitazame," inasema. Ngao, mikuki, Harambee. Nembo ya taifa.

"Nigeuze." Simba!

"Mjomba, mbona hakuna uso wa mtu?"

Swali zuri hilo! Mtoto anayeuliza hivyo apewe ndizi mbivu. Basi kula, huku ukisikiliza.

Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, huko Masedonia, kaskazini mwa Ugiriki, palikuwa na mfalme kijana aliyeitwa Alexander. Aliitwaa Misri. Alipigana, akateka Uajemi. Alipigana mpaka akafika India. Watu wengi aliowatawala hawakumwona hata siku moja.

"Walimjuaje sasa?"

Kwa sarafu. Unaijua ile picha ya mgombea inayobandikwa ukutani sokoni wakati wa kampeni? Mwenyewe hayupo, ila uso upo, na sura hiyo ameichagua yeye. Sarafu ya mfalme ilifanya kazi hiyohiyo.

"Nitazame," inasema sarafu ya fedha ya Alexander. Kijana amejifunika ngozi ya simba kichwani. Taya la simba limekaa juu ya paji la uso, na miguu ya mbele imefungwa fundo shingoni.

"Ndiye Alexander?"

Polepole, mwanangu. Huyo ni Heracles, shujaa wa hadithi za Wagiriki, aliyemuua simba kwa mikono mitupu. Wafalme wa Masedonia walijisifu kuwa wa ukoo wake.

"Nigeuze." Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki, ameketi, tai mkononi. Kando yake, jina la Alexander. Unaona ujanja? Hakusema, "Mimi ni shujaa." Aliliweka tu jina lake karibu na mashujaa na miungu, akakuachia wewe umalizie.

Alexander alikufa mwaka 323 kabla ya Kristo. Majemadari wake wakagawana nchi, na uso wake nao wakauchukua. Kwenye sarafu zake, Ptolemy wa Misri akamvisha ngozi ya kichwa cha ndovu, kwa kuwa Alexander alikuwa amepigana na ndovu wa vita kule India. Lysimachus, jemadari mwingine, akamwotesha pembe za kondoo dume, alama ya mungu Amoni, aliyesemekana kuwa baba yake Alexander.

"Mbona wahangaike na mtu aliyekwisha kufa?"

Kwa sababu kila mmoja alitaka watu waseme: huyu ndiye mrithi wake!

Na kwetu je? Kamuulize nyanya. Shilingi ya wakoloni ilikuwa na kichwa cha mfalme wa Uingereza upande mmoja, na upande wa pili simba mbele ya milima. Sarafu ya ndururu ilitobolewa tundu katikati, hivyo kichwa cha mfalme hakikupata nafasi. Hata hivyo jina lake na taji vilipenyezwa pembeni, pamoja na pembe za ndovu.

Mwaka 1966 Kenya ikatoa sarafu zake, zenye uso wa Mzee Jomo Kenyatta. Mwaka 1980 ukaja uso wa Moi. Mwaka 2003, uhuru ulipotimiza miaka 40, Kibaki naye akatokea kwenye shilingi 40. Rais mpya, uso mpya.

Mwishowe Katiba ya 2010, kifungu cha 231, ikasema: noti na sarafu zisiwe na picha ya mtu yeyote. Desemba 2018 zikaja hizi mpya. Twiga kwa shilingi moja, kifaru kwa tano, simba kwa kumi, ndovu kwa ishirini. Mimi nasema simba huyu kapendeza zaidi akiwa na ngozi yake mwenyewe, hajavaliwa na mtu.

Sarafu za Kenyatta na Moi bado zinapita mikononi mwetu. Ukikutana na moja, soma mwaka wake, itazame pande zote mbili, kisha uniletee swali jingine. Ndizi bado zipo.