Kijiji cha Pyrgi na Ulimbo Wake

Wanachama, yafaa tuijue khabari ya wenzetu hawa, maana nao ni watu wa kisiwa na riziki yao hutoka katika mti mmoja.

Kusini ya kisiwa cha Chios, nchi ya Ugiriki, kuna vijiji 24 vya wakulima wa mastiki, ambayo Waarabu huiita mastaka. Ni ulimbo wa mti mfupi. Ukikauka hung'aa mfano wa sandarusi, na watu huutafuna na kuutia katika vyakula na dawa.

Kijiji kikubwa miongoni mwao ni Pyrgi. Wagenoa, waliotawala tangu 1346 hata 1566, walivijenga vijiji hivi kama ngome. Nyumba zimeshikamana kiambaza kwa kiambaza, na za pembezoni hazikuwa na dirisha la nje. Migongo yake ndiyo boma, na katikati ulisimama mnara. Husemwa kuwa ni kwa ajili ya maharamia, nayo ni kweli. Lakini naona boma lile lililinda mali ya tajiri zaidi kuliko roho ya mkulima, kwani mavuno ilikuwa lazima yapelekwe kwa kampani ya Wagenoa, na mwizi wa mastiki akiadhibiwa vikali. Waturuki nao walipofuata walichukua fungu lao. Mwaka 1822 maelfu ya watu wa Chios walipochinjwa, vijiji hivi vilisalimika kwa sehemu kubwa, kwa sababu ya ulimbo ule ule.

Kuta za Pyrgi ni za ajabu. Fundi hupaka lipu nyeusi ya mchanga, juu yake chokaa, kisha huikwaruza kabla haijakauka, yakatokea mapambo meusi na meupe nyumba nzima.

Ama kazi ya shamba, hufagia chini ya mti, hutandaza unga mweupe wa chokaa, ndipo hulitoja gome tangu Julai. Chozi hudondoka, likaganda, likaokotwa. Wakati wa baridi wanawake hukaa pamoja wakichambua punje moja moja kwa kisu. Nani kwetu asiyeijua kazi ya kuchambua, karafuu mbali na makonyo mbali?

Mwaka 1938 wakulima waliunganishwa kwa sheria katika chama chao cha kuuza mastiki, na mpaka leo chapo. Nadhani hilo ni kubwa kuliko kuta zote.

Agosti 2012 moto uliteketeza mashamba mengi. Mche mpya hutaka miaka mitano au zaidi kabla ya kutojwa.