Injini Kubwa au Injini Yenye Tabo?

Shule iliyoko Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ichague pikapu ya injini gani? Huko, lita moja ya hewa ina oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko pwani. Hivyo injini ya dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo hupungukiwa nguvu.

Tabo, aliyoibuni mhandisi Mswisi Alfred Büchi mwaka 1905, ina mapangaboi mawili katika mhimili mmoja: moja huzungushwa na moshi wa injini, la pili husukuma hewa silindani. Kwa hiyo injini ya lita 2.8 yaweza kuishinda ile kubwa mlimani.

Lakini mhimili huo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Oili chafu huuangamiza. Pasipo oili safi na fundi stadi, injini kubwa ndiyo salama.