Kumtambua Nzi kwa Picha

Mwezi wa Septemba 1996 mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa katika kisiwa cha Unguja. Kazi ya kumtokomeza mdudu huyo, aenezaye ugonjwa wa nagana kwa ng'ombe, ilikuwa ya miaka mingi. Ilianza kwa mitego na dawa, na kuanzia mwaka 1994 yaliachiwa kutoka ndegeni madume yaliyofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mnururisho. Tangu wakati huo, mfugaji wa Unguja akimwona nzi asiyemfahamu akimfyonza ng'ombe wake damu, ana haki ya kuuliza: je, mbung'o amerudi? Siku hizi huenda jambo la kwanza atakalofanya likawa kumpiga picha kwa simu, na kuipeleka picha hiyo kwa afisa mifugo au kwa mwalimu wa bayolojia wa shule iliyo karibu.

Jibu atakalopewa lina uzito. Amwitaye nzi wa kawaida mbung'o ataleta hofu na gharama bure. Amwitaye mbung'o nzi wa kawaida ataificha hatari mpaka ienee. Makala haya yanaeleza jinsi picha ya mdudu inavyosomwa, alama zipi zitafutwe, na ni wapi ushahidi wa picha unapofikia kikomo.

JE, NI NZI KWELI?

Spishi za wadudu zilizokwisha kuelezwa na kupewa majina ya kisayansi ni kiasi cha milioni moja. Kati ya hizo, zaidi ya 150,000 ni za oda ya Diptera, yaani oda ya nzi, mbu na usubi. Neno Diptera limetokana na Kigiriki, na maana yake ni "mabawa mawili". Hiyo ndiyo alama ya kwanza. Nyuki, nyigu, kipepeo na kumbikumbi arukaye wana mabawa manne. Nzi ana mawili tu. Mahali ambapo mabawa ya nyuma yangekuwapo, nzi ana vijirungu viwili vidogo. Wakati wa kuruka vijirungu hivyo hutikisika kwa kasi na kumpa nzi habari kila mwili wake unapogeuka au kupinduka, naye hujisawazisha mara moja.

Hata hivyo, kuhesabu mabawa katika picha si jambo jepesi. Bawa la mbele na la nyuma la nyuki hushikamanishwa na safu ya vikulabu vidogo, kwa hiyo pichani mabawa mawili ya upande mmoja huweza kuonekana kama bawa moja. Tena wapo nzi wanaomwiga nyuki na nyigu. Nzi wa maua, wa familia ya Syrphidae, wengi wao wana mistari ya njano na nyeusi kama nyigu, ingawa hawana mwiba hata kidogo. Ndege aliyewahi kuumwa na nyigu huwaacha, na kwa njia hiyo nzi hao huokoka.

Katika hali hiyo tazama kichwa. Vipapasio vya nyuki ni virefu, vyenye pingili nyingi na kiwiko katikati. Vya nzi wa maua kwa kawaida ni vifupi, na juu yake umesimama unywele mmoja. Macho ya nzi ni makubwa mno, na aghalabu huchukua sehemu kubwa ya kichwa.

Kosa hili ni la kale. Wagiriki na Warumi waliamini kwamba nyuki huzaliwa ndani ya mzoga wa ng'ombe. Mwaka 1894 mtaalamu wa nzi C. R. Osten Sacken alieleza kwamba yumkini waliowaona wakitoka hawakuwa nyuki, bali nzi wa spishi ya Eristalis tenax, ambao mabuu yao huishi katika maji machafu yenye vitu vinavyooza. Imani iliyodumu karne nyingi ilisimama juu ya mdudu mmoja aliyepewa jina lisilo lake.

NZI WATATU WANAOFANANA

Na tumrudie sasa mfugaji wetu. Nzi wanaoweza kumchanganya ni hasa watatu: nzi wa nyumbani (Musca domestica), nzi aumaye wa mazizini (Stomoxys calcitrans), na mbung'o (jenasi ya Glossina). Alama zinazowatenga ni nne.

Ya kwanza ni mkao wa mabawa. Nzi wa nyumbani na nzi wa mazizini wakitua, mabawa yao huachana kidogo kwa nyuma, na fumbatio huonekana katikati. Mbung'o hulaza bawa moja juu ya jingine kabisa, kama makali mawili ya mkasi uliofungwa, na ncha za mabawa hupita mwisho wa fumbatio.

Ya pili ni mdomo. Nzi wa nyumbani ana mrija laini wenye ncha pana kama sifongo, nao hukunjwa chini ya kichwa, hawezi kuuma. Nzi wa mazizini ana mrija mgumu, mwembamba, unaochomoza mbele ya kichwa. Mbung'o naye ana mrija unaochomoza mbele, lakini umekaa katikati ya vijipapasio viwili vya mdomoni vilivyo na urefu karibu sawa nao. Kwa hiyo mtu atazamaye mdomo peke yake huweza kumdhania nzi wa mazizini kuwa mbung'o, na kosa hilo ni rahisi kutokea kwa kuwa wote wawili hufyonza damu ya ng'ombe.

Ya tatu ni mishipa ya bawa. Bawa la nzi limegawanywa na mishipa katika vyumba. Katika nzi wa nyumbani, mshipa mmoja mrefu hupinda ghafula karibu na ncha ya bawa. Katika nzi wa mazizini mshipa huo hujikunja polepole. Katika mbung'o, mishipa ya katikati ya bawa hufanya chumba chenye umbo la shoka. Chumba hicho hakipatikani kwa nzi mwingine wanaoweza kufananishwa naye, na ndiyo alama bora kuliko zote.

Ya nne ni unywele wa kipapasio. Katika nzi wa nyumbani una vinyweleo pande zote mbili, mfano wa unyoya. Katika nzi wa mazizini na mbung'o vinyweleo viko upande wa juu tu. Lakini vya mbung'o navyo vimetoa matawi madogo madogo.

Msomaji ataona kwamba rangi haikutajwa. Rangi hubadilika kwa mwanga, kwa umri wa mdudu, kwa vumbi, na hata kwa jinsi kamera yenyewe inavyotengeneza picha. Umbo ni shahidi mwaminifu zaidi.

HESABU YA PICHA

Kwa nini picha nyingi hazionyeshi alama hizi? Jibu ni la hesabu. Chukua picha yenye vitone 4,000 kwa upana, iliyopigwa kwa mbali hata ikafunika milimita 200 za ukuta. Kila kitone kinawakilisha milimita 0.05. Nzi mwenye urefu wa milimita 7 atapata vitone 140 tu, na mshipa wa bawa lake, ambao unene wake ni chini ya sehemu ya kumi ya milimita, utapata kitone kimoja au viwili. Ukiikuza picha hiyo baadaye, vitone vitakuwa vikubwa, lakini hakuna habari mpya itakayoongezeka.

Sasa mkaribie nzi mpaka picha ifunike milimita 20. Kila kitone kinawakilisha milimita 0.005, na nzi yule yule anapata vitone 1,400. Mishipa itaonekana, na chumba cha shoka, kama kipo, kitajitokeza. Simu nyingi haziwezi kuona vizuri kwa ukaribu huo bila msaada; kioo cha kukuzia kikishikwa mbele ya lenzi ya simu huondoa sehemu kubwa ya taabu hiyo.

MAHALI PICHA INAPOKOMA

Tuseme picha imeonyesha chumba cha shoka wazi. Tunaweza kuandika kwa uhakika: jenasi Glossina. Je, tunaweza kutaja spishi? Katika Unguja spishi iliyokuwapo ilikuwa moja tu, Glossina austeni, na mtu anaweza kushawishika kulitumia jina hilo kwa sababu ya mahali. Lakini kama mbung'o wametokomezwa kisiwani, basi huyu huenda ametoka bara, na bara kuna spishi nyingine. Mahali ni ushahidi wa kuongezea; hapawezi kuchukua nafasi ya alama za mwili. Ili kuzitenga spishi za mbung'o, mtaalamu huchunguza rangi ya pingili za miguu na, katika madume, viungo vya uzazi chini ya hadubini. Hapo picha ya dirishani haifiki.

Kwa mbu, kikomo hicho kiko karibu zaidi. Picha nzuri ya mbu jike aliyetua huonyesha kama ni wa jenasi ya Anopheles: mwili wake huinuka kwa mshazari, na vijipapasio vyake vya mdomoni vina urefu karibu sawa na mrija. Lakini jina Anopheles gambiae hujumuisha kundi la spishi kadhaa zinazofanana mno. Baadhi yake ni waenezaji wakubwa wa malaria. Anopheles quadriannulatus, aliye wa kundi hilo hilo, hupenda damu ya wanyama na hahesabiwi kuwa mwenezaji wa malaria. Hata hadubini haiwatengi. Tangu mwaka 1993 hutengwa kwa uchunguzi wa vinasaba katika maabara. Mtu atakayeandika jina kamili la mbu huyo kwa kutazama picha tu atakuwa amebahatisha, hata akipata.

Wataalamu nao hurekebishana. Mwaka 2003 nzi wa matunda mgeni aligunduliwa Kenya, naye akaenea na kuharibu maembe katika nchi nyingi za Afrika. Mwaka 2005 alipewa jina Bactrocera invadens, kama spishi mpya. Baada ya uchunguzi wa miaka kumi, mwaka 2015 ilikubaliwa kwamba ni Bactrocera dorsalis, aliyekwisha kujulikana Asia zamani. Ikiwa vielelezo vilivyokuwa mikononi mwa mabingwa vilihitaji miaka kumi, picha moja haiwezi kudaiwa zaidi.

PICHA NA KIELELEZO

Haina maana kwamba picha za watu wasio wataalamu ni kazi bure. Mwaka 2011 mpiga picha mmoja nchini Malaysia alitoa hadharani picha za mdudu wa kijani wa familia ya Chrysopidae, mwenye mabawa ya kimia yenye alama nyeusi na buluu. Mtaalamu Shaun Winterton, aliyekuwa California, aliziona kwa bahati na kutambua kwamba hajapata kuona mdudu wa namna hiyo. Hakumpa jina papo hapo. Alisubiri mpaka mpiga picha aliporudi mahali pale na kumpata mdudu mwenyewe. Mwaka 2012 spishi hiyo mpya ilitangazwa kwa jina la Semachrysa jade. Picha ilifungua mlango, kielelezo kilithibitisha.

Miaka mitatu baadaye, 2015, Stephen Marshall na Neal Evenhuis walimpa jina nzi wa Afrika Kusini, Marleyimyia xylocopae, anayemwiga nyuki mkubwa atobaye mbao, kwa kutegemea picha peke yake bila kielelezo kilichohifadhiwa. Mjadala mkali ulizuka, na mwaka 2016 wanasayansi karibu 500 walitia saini barua ya kupinga desturi hiyo. Mwaka 2017 tume ya kimataifa inayosimamia majina ya wanyama ilitoa mapendekezo: njia hiyo haikukatazwa, ila aitumiaye aeleze kwa kina sababu za kukosa kielelezo. Hoja ya wapinzani ni rahisi kufahamika. Kielelezo kilichohifadhiwa kinaweza kuulizwa maswali mapya baada ya miaka mia; picha hujibu yale tu ambayo mwanga uliyaandika siku ile.

Jambo hilo yafaa likumbukwe pia na wale watumiao programu za simu zinazotaja jina la mdudu mara picha inapopigwa. Programu hizo zimefunzwa kwa picha zilizokwisha kupewa majina na watu, na picha za wadudu wa Ulaya na Marekani ni nyingi kuliko za Afrika. Jina litolewalo lichukuliwe kuwa pendekezo, kisha alama zake zitafutwe pichani moja baada ya moja.

KAZI YA DARASANI

Kila mwanafunzi ampige picha mdudu mmoja mapema asubuhi, wakati baridi haijawaachia wadudu kuruka upesi. Picha ziwe angalau nne: kutoka juu, ubavuni, usoni, na moja ya bawa. Karibu na mdudu iwekwe rula, ili ukubwa ujulikane. Daftarini aandike tarehe, saa, mahali, na mmea au mnyama ambaye mdudu alikuwa juu yake. Mdudu akiweza kunaswa bila hatari, ahifadhiwe katika kichupa cha spiriti chenye karatasi iliyoandikwa habari hizo hizo kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka.

Kisha darasa liandike jina kwa ngazi: oda, familia, jenasi, spishi. Mbele ya kila ngazi iandikwe alama iliyoonekana pichani. Ngazi isiyo na alama iachwe wazi. Daftari lenye maneno "Diptera, familia ya Muscidae, hapa picha inakoma" lastahili maksi nyingi kuliko lile lenye jina kamili lisilo na sababu, na mfugaji wa Unguja atafaidika zaidi akijibiwa na mtu wa daftari la kwanza, atakayemwambia kwa uaminifu: "Hana chumba cha shoka, kwa hiyo si mbung'o," au, "Bawa halionekani, tafadhali mlete nzi mwenyewe."