NGC 7317

NGC 7317 ni galaksi duaradufu katika kundinyota la Farasi (kwa Kilatini Pegasus). Iko umbali wa takriban miakanuru milioni 290 kutoka Dunia. Ni mojawapo ya galaksi za Kundi la Stephan, ambazo zimekaribiana kiasi cha kuvutana kwa nguvu ya graviti.

Ugunduzi

Kundi hili lilitangazwa mwaka 1877 na mwanaastronomia Édouard Stephan wa Marseille, Ufaransa, aliyetumia darubini yenye kioo cha sentimita 80. Wakati huo galaksi zilionekana kama mabaka hafifu ya nuru tu. Katika orodha ya makundi 100 ya galaksi zilizosongamana, iliyotolewa na Paul Hickson mwaka 1982, lina namba 92.

Ingawa picha huonyesha galaksi tano, mmoja wa majirani si wa kundi. Mwaka 1961 Margaret na Geoffrey Burbidge walipima nuru ya NGC 7320 wakakuta inajitenga nasi kwa kasi ya km 800 hivi kwa sekunde, ilhali NGC 7317 inajitenga kwa takriban km 6,600 kwa sekunde. NGC 7320 iko mbele, umbali wa miakanuru milioni 40 tu.

Umbo

NGC 7317 ni ya aina E4. Herufi E inamaanisha duaradufu, na namba huonyesha ubapa: 0 ni duara kamili, na 4 ina maana kwamba kipenyo kifupi ni asilimia 60 ya kile kirefu. Kama galaksi nyingine za aina hii, haina mikono ya parafujo. Gesi yake ni kidogo, kwa hiyo nyota mpya ni nadra, na nyota zake nyingi ni za kale zenye rangi nyekundu.

Nafasi yake katika kundi

Majirani wake wana dalili wazi za kugongana. NGC 7318B inaingia ndani ya kundi kwa kasi ya karibu km 900 kwa sekunde, na gesi inayogongwa hupata joto kali. NGC 7319 ina mkia mrefu wa nyota na gesi. NGC 7317 haina mkia wala mawingu ya gesi, hivyo ilidhaniwa kwamba haijaguswa sana.

Mwaka 2018 timu ya Pierre-Alain Duc ilitoa picha zilizopigwa kwa darubini ya Kanada, Ufaransa na Hawaii. Zilionyesha utando hafifu mwekundu wa nyota za kale ukitoka NGC 7317 kuelekea galaksi nyingine. Nyota hizo ziling'olewa na graviti, na kusambaa kwake huhitaji muda mrefu sana. Hivyo galaksi iliyoonekana tulivu ni ushahidi kwamba kundi lina umri mkubwa kuliko migongano inayoonekana leo.

Kuonekana

Galaksi hii haionekani kwa macho matupu. Kutoka Tarime au Serengeti mkoani Mara, nyota nne za mraba wa Farasi huonekana juu upande wa kaskazini mapema usiku, mwezi Oktoba na Novemba. Tarehe 12 Julai 2022 Kundi la Stephan lilikuwa miongoni mwa picha za kwanza za darubini ya anga-nje ya James Webb. Iliundwa kwa kuunganisha karibu picha 1,000.