Fyuzi Moja Isikuozeshee Nyanya

Vijana wangu, juzi nilipanda pikapu ya mkulima mmoja, tunatoka Ilula na matenga ya nyanya kwenda Dar. Usiku taa za mbele zikazima zote. Tukalala njiani. Asubuhi fundi akabadilisha fyuzi moja tu, lakini sokoni tulikuta wanunuzi wameshaondoka.

Fanya hivi. Zima gari, toa ufunguo. Boksi la fyuzi liko chini ya dashibodi au kwenye boneti karibu na betri. Mara nyingi mfuniko wake unaonyesha fyuzi ipi ni ya nini. Chomoa ya taa, itazame kwenye mwanga. Kawaya ka ndani kakiwa kamekatika, imeungua. Weka yenye ampea zilezile: nyekundu 10, bluu 15, njano 20, kijani 30.

Usiweke kubwa zaidi, wala usiunge kwa waya au karatasi ya pakiti ya sigara. Nyaya zitaungua kabla fyuzi haijakata, na gari litateketea na mzigo wako.

Mpya ikiungua papo hapo, huenda kuna waya umechubuka unagusa bodi. Hapo muone fundi.

Kabla ya kupakia mzigo, weka fyuzi za akiba ndani ya gari.