Karatasi ya Senti Kumi

Katuni ya kwanza niliyowahi kuimiliki ilinifikia imefunga vitumbua. Ilikuwa karatasi moja iliyochanwa kwenye jarida la Sani, mafuta yameipenya mpaka maandishi ya upande wa pili yanasomeka, na mhusika wake Ndumilakuwili yumo katikati ya hila ambayo sikujua ilianzaje wala iliishaje. Nikala vitumbua, nikaianika karatasi juani, nikaihifadhi ndani ya daftari la hesabu. Sijaacha kukusanya tangu siku hiyo. Ndiyo maana nikisoma rekodi za dunia za katuni kongwe, jambo la kwanza ninalotaka kujua ni nani aliyekitunza kitabu, na alikitunza wapi. Bei huja baadaye.

Ila tuanze na bei, kwa kuwa ndiyo huwashtua wengi. Kitabu cha katuni kilichouzwa ghali kuliko vyote ni Action Comics namba 1, chenye tarehe ya Juni 1938, ambamo Superman alionekana kwa mara ya kwanza. Madukani kilikuwa senti 10 za Marekani. Januari 2026 ilitangazwa kwamba nakala yake moja imenunuliwa kwa dola milioni 15, muuzaji na mnunuzi wote wakificha majina. Nakala hiyo imepita mengi. Mwigizaji Nicolas Cage aliinunua mwaka 1996 kwa dola 150,000, ikaibwa nyumbani kwake mwaka 2000, ikapotea miaka 11, kisha ikaibuka California ndani ya stoo ya kukodi. Mwaka huohuo wa 2011 ikauzwa kwa dola milioni 2.16. Madalali walioiuza safari hii wanasema hata ule wizi umeipandisha thamani, nami sishangai. Mkusanyaji hununua karatasi pamoja na masaibu yake.

Kitabu hichohicho kinashika rekodi nyingine, ya kusikitisha. Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili wa Cleveland waliombuni Superman, waliuza haki zote za mhusika wao kwa dola 130. Fedha hizo zililipwa ndani ya hundi moja ya dola 412 iliyojumuisha kazi zao nyingine. Mwaka 2012 hundi yenyewe ilipigwa mnada, ikaleta dola 160,000. Sidhani kuna karatasi nyingine katika historia ya katuni inayoniuma kama ile.

Kwa mnada wa hadharani, bei kubwa niijuayo ni dola milioni 9.12, iliyolipwa Novemba 2025 kwa Superman namba 1 ya mwaka 1939. Ndugu watatu waliikuta darini kwenye nyumba ya marehemu mama yao, kaskazini mwa California, ndani ya boksi chini ya magazeti ya zamani. Miaka yote mama alikuwa akiwaambia kwamba ana vitabu vya katuni vya thamani. Nikimfikiria mama huyo, natamani angeishi kuiona siku ile.

Rekodi iliyodumu muda mfupi ajabu ni ya Februari 2010. Action Comics namba 1 kilikuwa kitabu cha kwanza cha katuni kufika dola milioni moja. Siku tatu baadaye Detective Comics namba 27, kitabu cha kwanza cha Batman, kikaenda kwa dola 1,075,500.

Mpasuko ghali kuliko wote ulitokea Minnesota. Fundi mmoja alinunua nyumba mbovu kwa dola 10,100 ili aikarabati. Alipobomoa ukuta akakuta umeshindiliwa magazeti ya kale ya kuzuia baridi, na katikati yake Action Comics namba 1. Jamaa wa mkewe walipokuja kukishangaa, shangazi mmoja akakinyakua, fundi akakivuta, jalada la nyuma likachanika. Kiliuzwa mwaka 2013 kwa dola 175,000, na wenye biashara walikadiria kwamba ule mvutano wa sekunde chache ulimkosesha dola 75,000.

Ajabu ni kwamba vitabu hivi havikuwa adimu tangu mwanzo. Nakala za Action Comics namba 1 zilizochapwa zilikuwa kama 200,000, na zinazofahamika kubaki ni kama 100 tu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili watoto wa Marekani waliambiwa wakusanye karatasi kwa ajili ya jeshi, nao wakatoa katuni zao. Baada ya vita, mnamo mwaka 1948, katika miji kama Binghamton na Spencer wanafunzi walizichoma kwa marundo, wakiongozwa na wakubwa walioamini zinaharibu tabia. Kisha kuna adui wa kimyakimya: karatasi ya gazeti ina asidi ndani yake, inageuka manjano, inakuwa kama kaukau, inamomonyoka mkononi.

Kwa hiyo kitabu cha katuni kilichouza nakala nyingi kuliko vyote hakina bei ya maana. X-Men namba 1 ya mwaka 1991 iliuza nakala zaidi ya milioni 8. Watu waliinunua tano tano, wakaifunga kwenye nailoni wakisubiri utajiri, na leo unaipata kwa dola chache. Hakuna aliyeitupa.

Mtunzaji bora wa wote, kwa hukumu yangu, ni Edgar Church wa Denver, mchoraji wa matangazo ya biashara. Alinunua katuni kwa miaka mingi, akazipanga marundo marefu nyumbani kwake, zikibanana, mbali na mwanga, katika hewa kavu ya Colorado. Muuza katuni Chuck Rozanski alipofika mwaka 1977 kuzinunua, alikuta zaidi ya 18,000, nyingi zikinukia wino kana kwamba zimetoka kiwandani wiki ile. Mpaka leo kitabu kilichotoka kwa Church hulipiwa ziada kwa sababu ya jina hilo tu. Kwa wingi, Mmarekani Bob Bretall alimpita mbali: mwaka 2015 Guinness iliandika kwamba ana vitabu 101,822 visivyojirudia. Sina wivu na idadi hiyo. Hewa kavu ya Church ndiyo ninayoitamani.

Kwa maana pwani yetu haina huruma na karatasi. Unyevu, mende na mchwa wamekula historia nyingi. Hapa pia tuna rekodi zetu. Juha Kalulu, kazi ya mkono wa Edward Gitau, alianza kuchekesha Kenya miaka ya 1950 na akaendelea kwenye Taifa Leo kwa zaidi ya nusu karne. Lance Spearman, mpelelezi wa hadithi za picha katika jarida la African Film, alisomwa kutoka Lagos hadi Nairobi miaka ya 1960. Dar es Salaam ikawa na Film Tanzania ya Faraji Katalambula, mwandishi wa Simu ya Kifo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Saidi Bawji na Nico ye Mbajo wakaanzisha Sani, jina lililounganisha mianzo ya majina yao. Majarida haya yalisomwa na nyumba nzima, yakaazimwa mtaa mzima, kisha yakaishia kwa mama vitumbua. Nakala safi ya Film Tanzania sijaishika mpaka leo. Naamini ni adimu kushinda Superman yeyote, na hakuna mnada ulioitajia bei.

Yangu yamo kwenye sanduku la bati, na majani makavu ya mwarobaini katikati yake. Wakusanyaji wa Marekani hupeleka vitabu kwa kampuni ya CGC, vikapewa alama hadi 10 na kufungiwa ndani ya plastiki ngumu, visifunguliwe tena. Sitaki. Kila kiangazi nayatoa, nayapunga hewa, nayasoma upya.

Ile karatasi ya vitumbua ningali nayo, ya juu kabisa. Ina ukurasa wa 17 na wa 18. Kila nikipita kwa wauza vitabu vya zamani, naulizia Sani, na nikiipata nafungua moja kwa moja kutazama ukurasa wa 16 na wa 19.