Taa Nne za Siku Mbaya

Pikapu kuukuu inayopanda kutoka Mombo kwenda Magamba hukaguliwa mambo mengi njiani. Trafiki huangalia bima, matairi na taa kubwa, na akiwa na muda huomba indiketa. Mwenye mzigo wa kabichi huangalia springi. Hazadi haziulizwi na mtu. Hakuna mteja anayeongeza nauli kwa kuwa taa nne zinapepesa pamoja, wala gunia la viazi halijawahi kuoza kwa sababu zimegoma. Ubovu wake unaweza kukaa miaka ndani ya gari bila kumgharimu mwenye gari hata senti, mpaka siku gari lenyewe litakapogoma konani.

Na kona zipo. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, nyembamba, imechongwa ubavuni mwa korongo la Soni, na hupanda karibu mita 1,000. Kutoka Lushoto hadi Magamba si mbali, lakini hapo ndipo msitu wa hifadhi unapoanza, na ukungu nao. Kati ya Juni na Agosti ukungu huweza kushuka mchana kweupe, jua likabaki habari ya kusikia. Fuso iliyobeba karoti ikitokeza konani, dereva wake ana sekunde chache za kujua kama kilicho mbele yake kinatembea au kimesimama. Kumjulisha hilo ndiyo kazi ya hazadi.

Zinapogoma, desturi yetu ni kununua flasha mpya. Flasha ni kidude kidogo kinachofanya taa zipepese, kinachomolewa kwa vidole, na duka lolote la spea linacho. Kwa hiyo kinatuhumiwa kwanza. Mara nyingi hakina hatia. Kosa la hazadi hutafutwa kwa maswali kabla ya kutafutwa kwa pesa, na maswali mengi kati ya hayo ni ya bure.

Hazadi hazina taa zake zenyewe. Ni taa zilezile za indiketa, mbili mbele na mbili nyuma, pengine na ndogo mbili za ubavuni. Kinachotofautiana ni njia ya umeme. Indiketa hupata umeme kupitia swichi ya ufunguo. Ukichomoa ufunguo, zinakufa. Hazadi huchota umeme moja kwa moja kwenye betri, maana aliyezibuni alijua kwamba siku zitakapohitajika injini itakuwa imezima, na pengine mwenye ufunguo ameshaanza kuteremka kwa miguu kumtafuta fundi. Kwa hiyo fyuzi zake huwa mbili tofauti. Katika Toyota nyingi za zamani fyuzi ya hazadi ndiyo hiyohiyo ya honi, na kwenye kifuniko cha boksi utaiona imeandikwa HAZ-HORN. Basi swali la kwanza halitaki hata bisibisi: piga honi. Ikinyamaza kama hazadi zilivyonyamaza, fungua boksi la fyuzi. Ikilia, fyuzi hiyo ni nzima, na ukinunua nyingine umetoa sadaka dukani. Dereva wa milimani, anayepiga honi kila kona, kwa kawaida analo jibu la swali hili kabla hajaulizwa.

Swali linalofuata ni la indiketa. Kama kulia na kushoto zinapepesa vizuri, basi balbu ni nzima, nyaya za pembeni zinafika, na flasha inafanya kazi, isipokuwa kwa gari chache, hasa za Kimarekani, zenye flasha ya pili kwa ajili ya hazadi peke yake. Watuhumiwa wanaobaki ni njia ya kutoka betri na swichi yenyewe ya hazadi.

Swichi hiyo inastahili kuangaliwa kidogo, maana inafanya mambo ambayo sura yake haiyatangazi. Ukiibonyeza, huiondoa flasha kwenye umeme wa ufunguo na kuipeleka kwenye umeme wa betri. Papo hapo huunganisha pande za kulia na kushoto, ambazo siku zote huwa hazisalimiani. Usipoibonyeza bado ina kazi: katika magari mengi ya zamani umeme wa indiketa hupita ndani yake ukielekea kwenye flasha. Hapo ndipo linapozaliwa kosa linalowasumbua mafundi wengi. Mwenye pikapu analalamika kwamba indiketa zinakufa na kufufuka zinavyotaka. Mkono wa indiketa unafunguliwa, unasafishwa, unabadilishwa, na hali ni ileile. Kumbe swichi ya hazadi, ambayo haijaguswa tangu gari lishuke melini, imeota kutu ya kijani kwenye vigusano vyake vya shaba na umeme unapita kwa kubahatisha. Ibonyeze na kuiachia mara ishirini au thelathini, vigusano visuguane. Indiketa zikirudi hata kwa dakika moja, mhalifu amepatikana; sasa ichomoe, uisafishe kwa dawa ya kusafishia vigusano au uibadilishe. Ni kati ya matengenezo machache ya gari yanayofanyika mtu akiwa ameketi, na labda ndiyo sababu hayaheshimiki.

Ugumu wa kweli wa pikapu kuukuu uko nyuma, chini ya bodi. Hesabu ni nyepesi. Balbu ya indiketa ni wati 21. Ukikata kulia unawasha mbili na ndogo ya ubavuni ya wati 5: jumla wati 47, yaani karibu ampea 4 kwa betri ya volti 12. Ukiwasha hazadi unawasha zote, wati 94, karibu ampea 8. Waya uliokonda kwa kutu, au maungio yaliyosokotwa kwa vidole na kufungwa mfuko wa plastiki, huweza kuvumilia ampea 4 miaka kumi na kuzimia siku ya kwanza ya ampea 8. Ndiyo maana gari hupepesa vizuri kila upande kwa zamu yake, na ukiziwasha zote pamoja zinafifia, zinasuasua au zinaganda.

Umeme ukishafika kwenye balbu sharti urudi betri, na katika gari njia ya kurudi ni chuma cha bodi, kile mafundi wanachokiita ethi. Kwenye pikapu mpya ethi ni skrubu safi iliyobana chuma safi. Kwenye pikapu iliyobeba kabichi misimu ishirini, skrubu hiyo imekula maji ya mvua, tope jekundu na mbolea. Rangi imepigwa juu yake mara kadhaa, kwa nia njema. Pengine bodi ya kiwandani iliondolewa ikawekwa ya mbao, nayo mbao haina habari na umeme. Umeme unaokosa njia ya halali hutafuta ya magendo: hupenya balbu ya breki au ya taa ndogo ili urudi nyumbani. Matokeo yake ni maigizo ambayo kila aliyefuata pikapu usiku ameyaona: dereva akikanyaga breki indiketa nazo zinawaka, akikata kushoto taa ndogo za nyuma zinakonyeza. Watu hudhani ni shoti. Ni ethi. Kipimo chake ni waya mmoja mrefu: upande mmoja kwenye hasi ya betri, wa pili kwenye kikombe cha balbu inayosumbua. Taa ikipata nguvu ghafla, huna haja ya spea. Unahitaji msasa, skrubu mpya na grisi ya kufunika.

Fundi wa kuchomelea naye asisahauliwe. Pikapu nyingi za milimani zimeongezwa mabomba ya kukinga mzigo na vyuma vya kushikilia abiria, ambao rasmi hawapo. Cheche zilipokuwa zikiruka hakuna aliyewaza ule msongamano wa nyaya unaopita ndani ya chesisi. Nyaya zilizoyeyuka zikagandana hukaa kimya muda mrefu, kisha siku ya mvua fyuzi inakatika, unaweka nyingine, inakatika tena. Hapo kuna shoti kweli, na kuitafuta ni kazi ya subira: chomoa taa za nyuma, weka fyuzi, jaribu, kisha za mbele, mpaka fyuzi ikubali kuishi. Subira hiyo ikiisha ndipo mtu anapofunga karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi. Fyuzi imetengenezwa iwe dhaifu kuliko kila kitu katika njia yake, ife ili vingine vipone. Ukiifanya isife, umechagua waya ndio ufe, na waya hukatiza nyuma ya dashibodi, karibu na magoti ya dereva.

Baada ya yote hayo, flasha inaweza kuulizwa. Nyingi za kale zina utepe wa metali mbili zilizobandikwa pamoja. Umeme ukipita unapata joto, unapinda na kukata njia, unapoa na kurudi. Hizo hutegemea uzito wa taa: balbu moja ikiungua, joto halitoshi, na zilizobaki huganda zikiwaka tu au hupepesa kwa uvivu. Zilizokuja baadaye, za kielektroniki, hufanya kinyume: balbu moja ikiungua, upande huo hupepesa mbio, na mwendo huo wa haraka ni taarifa iliyokusudiwa na kiwanda. Tangu balbu za LED zianze kuuzwa kila kona taarifa hiyo imeharibika, kwa sababu LED hula umeme kidogo na flasha huhesabu kwamba balbu imeungua ilhali inang'aa. Dereva aliyeremba pikapu yake kwa LED hupepesa mbio maisha yake yote. Na duka linalouza spea za Fuso na za pikapu kwenye rafu moja lina mtego mwingine: Fuso nyingi ni volti 24. Balbu ya volti 24 huingia bila ubishi kwenye soketi ya pikapu ya volti 12, huwaka kwa unyonge, hula umeme mdogo, na flasha huanza kukimbia. Soma maandishi kwenye kitako cha balbu.

Kuipima flasha yenyewe si kazi. Ichomoe, washa hazadi, kisha kwa kipande cha waya unganisha kwa sekunde chache tundu lililoandikwa B na lile la L. Taa zote nne zikiwaka bila kupepesa, flasha imekufa na safari ya dukani ni halali. Zisipowaka, pima B kwa testa uone kama umeme unafika hapo.

Swali moja huja hata kabla ya honi, na linahusu umri. Hazadi zilienea katika magari miaka ya 1960, na Land Rover nyingi za zamani ziliondoka kiwandani bila hazadi. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Zipo gari milimani zinazoweza kuiita rika. Gari la namna hiyo likiwa na hazadi, ziliwekwa na fundi, kwa waya wa rangi aliyokuwa nayo siku ile. Mchoro wa kiwanda hautakusaidia. Fuata waya kwa mkono, inchi kwa inchi.

Kisha kuna hazadi nzima zinazotumika vibaya. Madereva wetu huziwasha kwenye msafara wa harusi, kwenye msafara wa msiba, wakiegesha mahali pasiporuhusiwa, na hasa wakitembea ndani ya ukungu. Hili la mwisho lina utetezi kidogo, ila swichi ile ile tuliyoieleza inalihukumu: imekwisha kuunganisha kulia na kushoto, hivyo indiketa haisemi kitu tena. Pale Magamba njia ya Lukozi na Mtae inapoachana na ya Migambo, pikapu inayotembea na hazadi haiwezi kumwambia wa nyuma inaelekea wapi. Tena wa nyuma ameshazoea kwamba taa nne maana yake ni gari linalotembea, na jioni moja atakutana na lililosimama. 

Hata hazadi zilizotengenezwa vizuri zina ukomo. Zinawaka nusu ya muda, kwa hiyo zile ampea 8 huwa 4 kwa wastani. Betri mpya ya ampea-saa 60 ingezihudumia kama saa 15 kwa hesabu ya karatasi. Betri ya pikapu tunayoizungumzia si mpya. Chukua nusu yake, na gari lililoharibikia Soni saa mbili usiku litakuwa giza kabla ya alfajiri, na asubuhi halitakubali kuwaka hata fundi akishamaliza. Kwa hiyo pembetatu ya kuakisi mwanga haina mbadala. Hata hivyo utingo huweka matawi mabichi barabarani, ishara ambayo kila dereva wa Tanzania anaielewa bila kufundishwa. Gari likipona matawi hubaki, na mawe yaliyozuia matairi hubaki pia, yakiwaonya wapita njia juu ya gari ambalo muda huo limeshafika Kariakoo.

Kabla ya kumlipa fundi, chomoa ufunguo na uwashe hazadi. Mtu mmoja awashe taa ndogo na kukanyaga breki, mwenye gari asimame nyuma ya bodi. Ziache zipepese dakika kumi, maana maungio mabovu huhitaji muda yapate moto. Taa za breki zikianza kukonyeza pamoja na indiketa, kazi haijaisha, hata kama risiti imeshaandikwa.